Naomba ushauri: insha ya wahamiaji wa Kilatino Marekani, niende na nani?

Wakuu habarini. Nasoma chuo hapa Texas, nimepewa insha kuhusu mchango wa wahamiaji wa Kilatino kwa jamii ya Marekani. Nimebaki na njia mbili.

Kuna Mario Molina, mzaliwa wa Mexico City. Mwaka 1974 yeye na Sherwood Rowland walionyesha kuwa gesi za kwenye majokofu na makopo ya kupulizia zinaharibu tabaka la ozoni, akaja kupata Nobel ya kemia 1995. Safi, ila naona nusu ya darasa watamwandika huyohuyo.

Kinachonivuta zaidi ni vibarua wa Mexico walioletwa na mpango wa Bracero, 1942 hadi 1964. Wengi walipalilia kwa jembe la mpini mfupi, umeinama kutwa mpaka mgongo unagoma, na ukinyanyuka tu msimamizi anakuona. California ililipiga marufuku 1975.

Sasa hawa walikuja kwa mikataba ya muda na wengi walirudi kwao. Wanahesabika kama wahamiaji kweli? Na César Chávez, yule mtetezi wa haki za vibarua wa mashambani, nimwingize vipi, maana alizaliwa Arizona, hapahapa Marekani? Mliosoma historia huku nisaidieni, nakabidhi Ijumaa.