Nashindwa kukaa hata saa moja kwa siku bila simu, mliofanikiwa naombeni ushauri

Mleta mada

Habari zenu wakuu, naingia moja kwa moja maana nikizunguka nitaona aibu nifute. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka 6 aling'oka jino la mbele, akaja kuniambia, mara ya kwanza nikasema "ehee", mara ya pili nikasema "hongera mama", mara ya tatu hakusema kitu, alichofanya akachukua lile jino akaliweka juu ya kioo cha simu yangu, pale pale nilipokuwa nasoma. Nikalisukuma kwa kidole nikidhani ni uchafu. Aisee. Nilipoinua uso ashaondoka.

Basi nikajiwekea sheria, kila siku kuanzia saa 2 mpaka saa 3 usiku simu, laptopu na TV vyote pembeni. Siku ya kwanza nilitoboa, ya pili nikafika dakika 40, ya tatu nikajikuta nimekaa chooni na simu mkononi na hata sikumbuki niliichukua saa ngapi, na toka hapo ndo basi tena.

Vinavyoniangusha ni hivi. Kuna grupu la kazini, bosi anarusha kitu saa 2:20 usiku, usipojibu asubuhi unaulizwa ulikuwa wapi. Halafu mama yangu anaumwa na yuko mbali, nikizima simu roho inakuwa juu juu. Na kubwa kuliko yote, simu ndo saa yangu, ndo tochi, ndo alamu, yaani naishika niangalie saa tu, natoka baada ya dakika 20 na hiyo saa yenyewe sijaiona.

Naomba waliofanikiwa, sio wa kuniambia jikaze. Kujikaza nimeshajikaza.

Mkaa_Kigodani

Mie naweka kigoda hapa nasubiri majibu na mimi, maana kwangu simu inaingia mpaka bafuni, naifunga kwenye mfuko wa nailoni naigusia humo humo. Sina ushauri.

Fundi Kimya

Pole mkuu, ila usizime simu, hapo ndo wengi tunapokosea. Ukizima kabisa unakaa na wasiwasi, na wasiwasi ndo unakurudisha kuiwasha. Ingia setingi utafute ile hali ya Usisumbue, simu karibu zote za sasa zinayo, humo ndani unachagua watu ambao simu zao zinapita, mweke mama na yule anayemuuguza, basi, usianze kuongeza na washkaji. Kuna na kile kipengele cha mtu anayerudia kupiga, kiwashe, yaani mtu akipiga mara ya kwanza simu inanyamaza, akipiga tena muda huo huo inaita, kwenye iPhone ni ndani ya dakika 3 na Android ni dakika 15. Kwa hiyo hata kama ni jirani anapiga kwa namba usiyoijua kuhusu mama, akirudia utamsikia.

Baada ya hapo weka mlio juu kabisa na simu ikakae CHUMBA KINGINE. Sio kuilaza kifudifudi mezani, kifudifudi ni kujidanganya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas pale Austin walitoa utafiti 2017, waliwapa watu mitihani ya akili, wengine simu zao ziko mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine zimeachwa chumba kingine, na walioziacha chumba kingine wakafanya vizuri kuliko wenye nazo mezani, na simu zilikuwa kimya zote.

Mzee wa Kubisha

Huo utafiti kuna wengine walijaribu kuurudia hawakupata majibu yale yale, tusiubebe kama msahafu. Ila chumba kingine nakubali, kwa sababu nyepesi tu kwamba mtu ni mvivu wa kunyanyuka.

Bi Mkubwa 2

Mwanangu, hilo la bosi wala sio tatizo la simu, ni tatizo la watu wazima wawili ambao hawajaongea. Kuna nchi zimelipeleka mpaka kwenye sheria, Ufaransa tangu Januari 2017 kampuni zenye wafanyakazi 50 na kuendelea zinatakiwa zikae nao mezani zijadili haki ya mtu kutosumbuliwa akishatoka kazini, na Australia nao walianza na ya kwao Agosti 2024. Ila usiende kumsomea bosi sheria za Ufaransa utachekesha ofisi.

Mimi nilimwandikia wa kwangu mchana kweupe, saa za kazi, hivi: "Bosi, kuanzia saa 2 mpaka saa 3 usiku nakuwa na watoto sioni meseji. Kukiwa na dharura nipigie, nitapokea." Nikaishia hapo, bila samahani na bila maelezo ya nyongeza, maana ukianza kujieleza tu unampa nafasi ya kubishana. Siri yenyewe iko kwenye lile neno "nipigie". Kuandika meseji hakumgharimu mtu chochote, anaandika huku anapiga miayo, ila kupiga simu saa 2 usiku lazima ajiulize hivi nitamwambia nini huyu. Huu ni mwezi wa nane tangu nimwandikie, na kanipigia mara mbili tu, na moja alibonyeza kwa bahati mbaya nikawa nasikia anamgombeza mbwa.

Dada_Asiyelala

Nimecheka hapo kwenye mbwa 😂😂

Mzee wa Kubisha

Narudi tena. Mleta mada asijilaumu kupita kiasi. Zamani ukisoma mtandaoni ulikuwa unafika chini ya ukurasa, unakuta namba, unabonyeza ukurasa wa pili, na pale pale ndo akili inapata upenyo wa kujiuliza naendelea au nimetosheka. Upenyo huo ukaondolewa, mambo yakawa yanashuka tu hayana mwisho, na jamaa anayetajwa kwamba ndiye aliyebuni hilo mwaka 2006, Aza Raskin, mwenyewe keshasema hadharani anajuta. Ongeza na kile cha kuvuta kioo chini kuona kama kuna jipya, mara kipo, mara hakipo. Skinner, yule mwanasaikolojia wa Marekani, alilifanyia kazi hilo kwa panya na njiwa miaka mingi kabla hujawa na simu, chakula kikitoka kwa kubahatisha njiwa anadonoa kitufe bila kuchoka kuliko kikitoka kwa mpangilio. Sasa njiwa na wewe nani atajikaza?

Ndo maana mimi siamini hizi apu za kupima muda wa kuangalia simu. Ukifika kikomo kinatokea kioo cha onyo na chini yake kuna kitufe cha kupuuza, mtu anapuuza huku anaongea na wewe. Labda namba ya siri aiweke mwenzako wewe usiijue.

Mkaa_Kigodani

Na ile ya kuweka kioo rangi ya kijivu inasaidia?

Dada_Asiyelala

Nilijaribu. Nikakizoea kijivu, sasa hivi rangi ndo zinaniumiza macho.

Polepole_Tu

Naona hakuna aliyegusa hiyo saa moja yenyewe. Mkuu, saa moja tupu ni ndefu mno kama hujui utaijaza na nini. Mimi nilianzia dakika 15 na sikuzitafutia muda mpya, nilizigandisha kwenye kitu ambacho tayari nilikuwa nakifanya kila siku, kumwogesha mtoto na kumvalisha, simu inabaki sebuleni mpaka awe amevaa. Ikakaa kama wiki tatu hivi ndo nikaongeza.

Halafu mikono. Mikono inataka kazi, hilo hawakuambii. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe, mfuko hauna kitu, na paja linatetemeka kama simu imeita wakati simu iko kule. Nikatoa redio bovu iliyokuwa uvunguni nikaanza kuifungua kila jioni. Sijaitengeneza mpaka leo, na nina skrubu nne nisizojua zilitoka wapi, lakini nikikaa nayo mtoto anakuja mwenyewe kunishikia bisibisi, sijawahi kumwita.

Na nunua saa. Saa ya mezani ya betri yenye alamu, hiyo tu itakupunguzia nusu ya safari za kwenda kuishika simu.

Mleta mada

Wakuu narudi na mrejesho, wiki mbili zimepita. Nilifuata ya Bi Mkubwa neno kwa neno, bosi akajibu "sawa" na kidole gumba, nikakaa siku nzima natafsiri kile kidole. Hajapiga. Mama yuko kwenye orodha ya wanaopita, alipiga juzi katikati ya muda wangu, simu ikaita kutoka chumbani nikatoka mbio, kumbe anauliza nimekula. Niko dakika 25 sasa, saa nzima bado, Jumamosi na Jumapili nimeanguka zote mbili kwa sababu ya mpira, sitawadanganya.

Jino tunalo, liko kwenye kiboksi cha kiberiti, mwenyewe amenionesha na la pili linalotikisika na ananiruhusu kulitikisa mara moja kwa siku.

Ila Polepole_Tu umeniletea balaa lingine, hii saa niliyonunua inagonga tik tik tik usiku kucha, mke wangu anataka kuitupa dirishani. Nyie mnalalaje?

Polepole_Tu

Ifunge na taulo uiweke kabatini. Alamu ikilia utaisikia tu.