Bosi kazidisha mshahara wote kwa fahirisi ya jiji. Nimpinge vipi?

mtumishi_mezani aliuliza:

Wakuu, naomba msaada kabla ya kikao cha Alhamisi.

Niko idara ya utumishi, kampuni ya watu kama themanini. Kwa mara ya kwanza tunapeleka wawili kufanya kazi nje, miaka miwili miwili. Fundi mitambo anakwenda jiji lenye fahirisi ya gharama za maisha 130, la kwetu likihesabiwa 100. Mhasibu, mama wa watoto wawili, anakwenda lenye 85. Mishahara yao inalingana. Bosi kafungua Excel, kaandika mshahara mara 1.30 kwa fundi na mara 0.85 kwa mhasibu, kafunga kompyuta. Fundi anachekelea. Mhasibu kaja mezani kwangu na swali moja: "Kwa hiyo nakwenda kuwafanyia kazi mbali, na ujira wangu ni kukatwa?"

Sikuwa na jibu. Naona hesabu haijakaa sawa ila sijui niishike wapi.

kalamu_nyekundu alijibu:

Mbona rahisi mkuu. Jiji ghali ongeza, jiji nafuu punguza. Kote wataishi vilevile. Huyo mhasibu anataka tu kubaki na chenji.

mzee_wa_mishahara alijibu:

Kalamu, hapana. Nimeandaa mishahara ya watu wa nje miaka kumi na sita, na kosa hilo nimelifanya kwa mkono wangu mwenyewe.

Fahirisi hupima bei za vitu vinavyonunuliwa kule. Sasa mshahara wote wa fundi utanunua vitu kule? Kuna kodi ya mapato, kuna pensheni, kuna mkopo anaolipa nyumbani, kuna akiba. Fedha hizo hazigusi duka lolote la jiji jipya, kwa hiyo hakuna sababu ya kuzipandisha wala kuzishusha.

Chukua mshahara wa 4,000 kwa mwezi. Tuseme kwa kipato hicho na ukubwa wa familia yake, matumizi ya bidhaa na huduma ni 1,800. Hapo ndipo fahirisi inapofanya kazi: asilimia 30 ya 1,800 ni 540. Hiyo ndiyo posho. Bosi wako anatoa 1,200. Ziada ni 660 kila mwezi, na kwa miezi 24 inafika 15,840. Ingia kikaoni na namba hiyo ya mwisho, nadharia iache mlangoni. Akitaka kujua nani mwingine anafanya hivi, mwambie Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani: posho yao ya vituo vya nje huanzia Washington kama 100, na huhesabiwa kwenye sehemu ya mshahara inayotumika, si kwenye mshahara mzima.

Halafu, fahirisi hiyo kaitoa wapi? Orodha za majiji ghali zinazotangazwa kwenye habari ni mtego. Ile ya Mercer, kampuni ya ushauri wa mambo ya ajira, huanzia New York kama kipimo, hupima bidhaa na huduma zaidi ya 200, na kodi ya nyumba imo ndani. Kama kampuni inamlipia fundi nyumba, halafu mnatumia kipimo chenye nyumba ndani, mmelipa nyumba mara mbili. Na nafasi kwenye orodha haikwambii pengo: wa kumi na wa ishirini wanaweza kuwa karibu sana au mbali sana.

Tena kapu lenyewe, yaani orodha ya vitu vinavyopimwa bei, ni la mgeni. Luanda, mji mkuu wa Angola, iliongoza orodha hiyo 2014, 2015 na 2017, kwa sababu kubwa ya bidhaa zinazoagizwa kutoka nje na nyumba zenye ulinzi. Maisha ya mwenyeji wa kawaida wa Luanda hayakuwa yakipimwa pale.

La mwisho ndilo lililoninyima usingizi: kiwango cha kubadilisha fedha. Kwa namba zetu, kapu la 1,800 linagharimu 2,340 kule. Fedha yao ikiwa 10 kwa 1 yetu, hiyo ni 23,400 yao. Ikishuka hadi 12 kwa 1 na bei zikabaki, 23,400 ileile inagharimu 1,950 tu. Posho inatoka 540 hadi 150. Lilinipata hasa hilo, namba tofauti kidogo. Jamaa alinipigia simu: "Mmeniibia." Nikamwandikia miezi miwili sambamba kwa fedha ya kule, jumla ileile. Akanyamaza. Mwezi wa nne akapiga tena, bei za vitu vya kuagiza zimepanda, na bei zangu zilikusanywa kabla fedha haijashuka. Safari hiyo alikuwa na haki, nikamlipa malimbikizo.

nilirudi_salama alijibu:

Mimi nilikuwa huyo mhasibu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Kwanza, hata mkishikilia kukata, asilimia 15 ya 1,800 ni 270. Bosi anakata 600. Pili, ile 85 ni ya mtu anayejua jiji. Miezi ya mwanzo nilinunua chapa niliyoizoea, kwenye duka la kwanza nililoliona, kwa bei aliyotaja muuzaji. Ndiyo maana wapimaji wengine wana fahirisi mbili, ya mgeni mpya na ya aliyekwisha kuzoea. Mwajiri wangu aliniwekea 100 mwaka mzima wa kwanza, hakukata kitu. Ada za watoto alizilipa kando kabisa, shule haikuingizwa kwenye kapu.

Na kalamu_nyekundu, chenji gani kaka? Mume wangu aliacha kazi ili tufuatane.

mtumishi_mezani alijibu:

Asanteni sana. Mzee, nimemuuliza bosi alikoitoa 130. Ni tovuti ya bure ambayo watumiaji huingiza bei wenyewe, na kodi ya nyumba imo. Nyumba ya fundi tunalipa sisi. Nikimwomba atumie ile isiyo na nyumba, nikubali tu itakavyotoka?

mzee_wa_mishahara alijibu:

Usikubali bado. Tazama bei ngapi zimeingizwa kwa jiji hilo na ni za lini. Mimi niliwahi kukuta bidhaa moja ina bei mbili tu, moja ni mara tatu ya nyingine, na wastani wake umeandikwa kwa desimali mbili.

mtumishi_mezani alijibu:

Nimetazama. Bei kumi na moja, za miaka miwili nyuma. Nazichapa zote, naziingiza kwenye jalada la Alhamisi.