Kompyuta ya mezani imegoma kuwaka: pawa saplai, bodi, au ninunue nyingine?

BintiUluguru
Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Kompyuta ya steshenari yangu imegoma kuwaka. Jana mchana umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena hapo hapo, na tangu saa hiyo haijawaka. Fundi wa mtaani kanipa njia tatu: pawa saplai elfu hamsini, bodi laki na thelathini, au niachane nayo nichukue nyingine ya mtumba kwa laki tatu na nusu. Mume wangu anasema bora laptopu. Kesho nashuka mjini na hela. Niende na lipi?

FundiWaya
Dada, hapo hatuna pa kuanzia. Mashine ni modeli gani? Kugoma kwenyewe kukoje: hakuna taa hata moja, au feni inazunguka ila kioo cheusi? Inatoa mlio? Na huyo fundi alipima na mita au alikadiria tu?

KijanaWaMsamvu
Chukua laptopu, usijiulize mara mbili. Umeme ukikatika unamalizia kazi ya mteja bila presha.

MamaKopi
Laptopu ya mtumba ya bei hiyo, betri yake itakaa muda gani? Steshenari ni kuchapa kutwa. Kibodi ya kompyuta ya mezani ikifa unanunua nyingine unachomeka, ya laptopu mpaka mashine ifunguliwe. Mimi siihami meza.

BintiUluguru
Ahsante fundi. Ni Dell OptiPlex 7020, ile nyembamba ya kulala. Nikibonyeza, kitaa cha kwenye kitufe kinapepesa rangi ya chungwa, feni inajaribu kuzunguka kidogo inasimama. Mlio hakuna. Fundi hakupima, aliinusa tu akasema pawa saplai, baadaye akasema huenda ni bodi. Kingine, mitihani ya nusu muhula ya shule mbili imo humo ndani na walimu wanaitaka Jumatatu.

FundiWaya
Sasa tunaongea. Chungwa ya kupepesa maana yake umeme unaingia ila kuna kitu kinakwamisha: pawa saplai, bodi, au kitu kilichochomekwa kwenye bodi. Usinunue chochote kabla ya kipimo hiki, hakihitaji hata mita.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kama sekunde kumi na tano, kisha fungua kasha. Tazama nyuma, karibu na tundu la waya wa umeme: kuna kitufe kidogo sana na kitaa pembeni yake. Hicho ni cha pawa saplai kujipima yenyewe. Rudisha waya ukutani, kibonyeze. Kikiwaka kijani, pawa saplai inatoa umeme. Kisipowaka, chomoa waya wa ukutani tena, toa plagi mbili zinazoingia kwenye bodi, ya pini 8 na ya pini 4 iliyo karibu na prosesa, halafu ujaribu upya. Kikiwaka zikiwa nje, shoti iko kwenye bodi au kwenye kilichochomekwa juu yake. Kikigoma hata hapo, pawa saplai imekufa.

Na hiyo ya elfu hamsini muulize ni ya aina gani. Pawa saplai za kawaida zina plagi kubwa ya pini 24, 7020 inatumia ya pini 8, na kasha lako jembamba halipokei umbo la kawaida. Wengi wanaipata dukani, wanafika nyumbani haiingii.

MzeeWaBetri
Anzeni na betri ya saa, ile ya mviringo CR2032. Bei ya soda. Nimefufua mashine nyingi kwa betri tu.

FundiWaya
Mzee wangu, kwa heshima, betri ikiisha saa inapotea na mipangilio inafutika. Mara chache sana inazuia mashine kuwaka, na haileti chungwa ya kupepesa baada ya umeme kuyumba.

MzeeWaBetri
Mara chache siyo kamwe. Abadilishe, hatapoteza kitu.

Mkwawa_Jr
Dada, kabla ya hayo yote toa diski ubaki nayo. Nasema kwa uchungu. Niliwahi kupeleka kompyuta kwa fundi, ikiwa haiwaki kama yako. Akasema bodi, niiache. Kila nikipiga simu, njoo kesho. Siku ya kuichukua ikawaka mbele yangu, nikalipa nikaondoka. Nyumbani nafungua, hakuna faili hata moja, kapiga Windows mpya juu ya kila kitu. Naangalia RAM, niliacha GB 8, zimo 4. Nikafungua kasha: vumbi la miaka limejaa bodi nzima, ile ile aliyosema kaibadilisha, ila pale RAM ya pili ilipokuwa pamebaki tundu tupu. Nikarudi, akaniambia ndivyo nilivyoileta, na mimi karatasi ya makabidhiano sina. Picha za harusi za wateja zikaenda hivyo. Watu walikuwa wamelipa.

Kwa hiyo diski nyumbani. RAM na namba ya bodi vipige picha, fundi asaini.

MamaKopi
Pole sana kaka. Binti, diski hiyo ukiitia kwenye kasha la USB inasomeka kwenye kompyuta yoyote. Mitihani unaichapa kwa jirani, haya ya bodi unayashughulikia kwa utulivu.

KijanaWaMsamvu
Bado nasema laptopu. Hiyo 7020 ina prosesa ya kizazi cha nne. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda juu. Unatia laki na thelathini kwenye mashine isiyo na mbele?

MamaKopi
Kuchapa mtihani wa darasa la tano kunahitaji Windows 11? Akitaka kununua achukue OptiPlex 3060 au 5060, hizo ni kizazi cha nane, abaki mezani.

Chumvini
Tatizo ni umeme. Atie stabilaiza.

FundiWaya
Stabilaiza inarekebisha umeme ukipanda au kushuka, ukikatika inazima nayo. Anahitaji UPS, ile yenye betri inayoshikilia mashine umeme ukikatika. Ila printa ya leza usiiweke kwenye UPS, ikipasha moto inavuta umeme mwingi mno.

Chumvini
Basi friji gadi. Umeme ukirudi inasubiri kwanza utulie. Mimi natumia hiyo na sijaunguza kitu.

FundiWaya
Kwa kurudi, sawa. Kwa kukatika ghafla katikati ya kazi haikusaidii.

BintiUluguru
Nimerudi. Diski nimeitoa, ipo kwa jirani, mitihani inaonekana, Mungu mkubwa. Kipimo: plagi zikiwa ndani kitaa hakiwaki, zikiwa nje kinawaka kijani. Kwa hiyo ni bodi?

FundiWaya
Bado. Toa RAM zote, toa kisomea CD, chomoa kila kilicho kwenye matundu ya USB, kisha rudisha plagi na ubonyeze tena. Chungulia matundu ya USB ya mbele kama kuna kibati kimepinda kinagusa chuma. Kaangalie pia kapasita, vile vimkebe vidogo vya mviringo vilivyosimama kwenye bodi, kama kuna zilizovimba.

BintiUluguru
Giza limeingia, asubuhi nitafungua tena nilete picha. Mjini kesho siendi.

KijanaWaMsamvu
Ukiona kapasita zimevimba, nina laptopu moja safi, njoo inbox.

Chumvini
Hiyo UPS mnayoisifu, betri yake inabadilishwa baada ya muda gani? Maana friji gadi haina betri.