Buibui wakubwa wa ukutani, mnawatofautishaje?

mpenda_wadudu: Wakuu habari zenu, naomba msaada. Humu ndani nina buibui wawili, wote bapa, wanakimbia upande upande kama kaa na hawafumi utando, nikaambiwa hao ni buibui wawindaji basi nikajua yameisha. Ila kila nikiwaangalia naona kabisa si wa aina moja, mmoja wa kahawia ukihesabu na miguu anajaa kiganja, mwingine kijivu madoadoa, mwembamba kama karatasi, akishtuka anazama kwenye ufa wa ukuta humuoni tena. Nimejaribu kuwatofautisha kwa rangi nimekwama. Naanzia wapi?

jicho8: Mkuu achana na rangi, itakupoteza, na ukubwa nao usiuamini sana maana mdogo anaweza kuwa mtoto wa yule mkubwa. Angalia uso. Mvizie akiwa ametulia usiku, mpige picha kwa mbele halafu uivute uhesabu macho. Wawindaji wenyewe, familia ya Sparassidae, wana macho 8 kwa mistari miwili, manne juu manne chini. Ukikuta sita yamejipanga mstari mmoja mbele na mawili yako pembeni kwa nyuma, huyo ni Selenops, wa familia nyingine kabisa, watu wanawachanganya kila siku. Huyo wa kahawia cheki chini ya macho, kama kuna mstari wa rangi ya maziwa umekatiza uso kama masharubu basi nadhani ni Heteropoda venatoria, asili yake Asia ila kasafiri na mizigo ya meli mpaka kaenea karibu nchi zote za joto.

mama_vipepeo: Hapo kwenye macho umemaliza. Mimi naongezea mayai, maana yanaonekana hata bila kamera. Heteropoda jike anabeba mfuko wake wa mayai chini ya mwili, bapa, wa mviringo, anatembea nao popote. Selenops yeye anabandika kifuko kama kikaratasi cheupe ukutani halafu anakilinda. Wale Palystes, nao ni wawindaji, wa kusini mwa Afrika wanafuma mfuko mkubwa wakauchanganya na majani, na wakikasirika wananyanyua miguu ya mbele unaona michirizi ya njano na nyeusi kwa chini.

kimya_kimya: Wanauma?

mama_vipepeo: Ukimbana kweli atauma na utasikia maumivu, ila si wa kukudhuru. Mwache tu, mende wanapungua.

mpenda_wadudu: Jamani nimerudi, nimekaa na tochi mpaka usiku wa manane. Wa kahawia ana masharubu!! yaani mstari uko wazi kabisa, na chini amekumbatia kitu cheupe saizi ya sarafu, kumbe muda wote ni mama. Yule wa kijivu picha tatu zimetoka ukungu, ya nne nimehesabu sita mbele. Na vile vikaratasi nyuma ya kabati nilivyokuwa nabandua nikidhani ni rangi ya ukuta inapukutika, sivigusi tena.

jicho8: Safi sana mkuu. Tuwekee hiyo ya nne.