Tezi za mate za inzi ama seli za kufugwa maabara: ipi yafaa kusomea vipokezi vya homoni?

BintiShela: Asalaam aleikum wanajamvi. Niko hapa Malindi, mwaka wa mwisho bayolojia, nataka mradi wangu uwe juu ya vipokezi vya homoni za steroidi, yaani protini zinazoipokea homoni, vile vinavyoshika kromatini (DNA na protini zake) mpaka jeni ikawaka. Nina njia mbili na zanitatiza. Moja ni zile kromosomu kubwa za tezi za mate za buu wa inzi wa matunda, ya pili ni seli za panya zinazofugwa kwa chupa na kipokezi chake kinang'aa kijani. Maabara nilionayo ina hadubini ya kawaida tu. Nyinyi mngeshika ipi?

MzeeWaBarani: Shika inzi mwanangu. Kwenye zile tezi DNA hujinakili raundi kama 10 na seli haigawanyiki, basi nakala elfu moja hivi zalala ubavu kwa ubavu. Ni kama kamba ya jahazi, uzi mmoja wa makumbi huuoni toka ufuoni lakini kamba waiona. Kamba hiyo ina mikanda mikanda, na jeni ikiwaka, pale pale mkanda wake wafura. Mwaka 1960 Clever na Karlson waliwadunga ekdisoni, homoni ya steroidi ya wadudu, mabuu wa Chironomus, aina ya usubi, uvimbe ukatokea mahali maalumu, ndipo watu wakaona wazi homoni ya steroidi yafika mpaka kwa jeni. Miaka ya 70 Ashburner akaziloweka tezi za inzi kwenye homoni: sehemu za kromosomu ziitwazo 74EF na 75B zafura ndani ya dakika chache, hata ukizuia seli isitengeneze protini zafura tu, lakini zile zinazochelewa masaa kadhaa ukizuia protini hazitoki ng'o. Kwa hivyo akasema homoni na kipokezi chake zawasha kundi la kwanza moja kwa moja, halafu protini za kundi hilo ndizo zinazowasha la pili na kulizima la kwanza. Na jeni ya kipokezi chenyewe cha ekdisoni, EcR, ilikuja kupatikana 1991! Akili hiyo.

Daktari_Mtarajiwa: Kwa heshima zote mzee, hapo napinga. Uvimbe waonyesha matokeo, kipokezi chenyewe kinafanya nini pale huoni. Kundi la Hager kule Marekani mwaka 2000 walichukua seli zenye jeni ya virusi iliyorudiwa mfululizo, wakauzima kwa leza mwangaza wa kipokezi cha glukokotikoidi (homoni za steroidi kama kotisoli) kilichokaa pale, na sekunde chache tu mwangaza ukaanza kurudi, yaani kile kipokezi chaingia chatoka hata homoni ikiwepo. Wengi walikuwa wakidhani kikishika kimeshika. Tezi uliyoiua kwa asidi ili uitie rangi haiwezi kukwambia hilo. Pia inzi si mamalia, EcR hushirikiana na protini nyingine, USP, na wawili hao waweza kukaa juu ya DNA kabla homoni haijaja wakiibana jeni, lakini cha glukokotikoidi kwa kawaida hungoja nje ya kiini kikiwa na protini saidizi kama Hsp90, homoni ikija ndio kinaingia.

Kijana_wa_Langoni: Na ile kotisoli wanayopima kwa mate ya binadamu ni mambo haya haya?

MzeeWaBarani: La, ile hupimwa kujua homoni iliyo huru kwenye damu, ni habari nyingine. Daktari umesema kweli ila tezi zaweza kutazamwa hai pia. 2006 kundi la John Lis waliitazama HSF, protini inayowasha jeni za kukabili joto, ambayo si kipokezi cha homoni, kwenye tezi hai za inzi, joto likipanda ikishika jeni za Hsp70 haibanduki upesi. Kwa hivyo ya sekunde chache usiyafanye sheria ya kila protini.

MamaChupa: Dada, leza huna, fanya ya inzi. Chagua buu aliyepanda ukuta wa chupa lakini bado hajafura tezi kwa homoni yake mwenyewe, mshike kidomo cheusi kwa sindano moja, mwili kwa nyingine, vuta polepole, tezi zatoka mbili, angavu, na mafuta meupe ubavuni, yatoe. Moja itie kwenye midia yenye homoni, ya pili isiyo na homoni, ni buu mmoja kwa hivyo ulinganisho wako ni safi kabisa. Baadaye aseto-orseini, ile rangi ya asidi ya kuonyesha kromosomu, kioo chembamba juu, bonyeza wima kwa gumba, kisiteleze. Na joto la Malindi ulichunge!! Chupa zikae nyuzi 25, ukizembea likapanda kuelekea 37 utaona uvimbe wa 87A na 87C, huo ni wa joto, utaandika ni wa homoni bure.

BintiShela: Ahsanteni sana, nashika inzi, na ya Hager ntayaeleza kwenye mjadala. Mama, homoni yenyewe naiyeyusha kwa maji?

MamaChupa: Ethanoli kwanza, kidogo sana, ndio uitie kwenye midia. Na ile tezi ya pili itie ethanoli kiasi kile kile.