Kauri wa pete: mbona magamba ya ufukweni yana mgongo wa zambarau?

Mwanafunzi wa Kupwa aliuliza:
Salaam, wanajukwaa. Maji yalipokupwa huko Jambiani niliwaona chini ya mawe kauri wadogo, wasiozidi ncha ya kidole gumba, wenye mgongo wa kijivu uliozungukwa na pete ya rangi ya chungwa. Nilipokuwa nikirudi niliokota mchangani magamba matupu ya umbo lilelile, lakini migongo yake ilikuwa ya zambarau na pete haikuonekana. Je, hizi ni aina mbili, au ni moja iliyobadilishwa na jua? Isitoshe, binti yangu aliyasugua machache kwa ndimu ili yang'ae, nayo yakafubaa kabisa.

Mzee wa Mwambani alijibu:
Ni aina moja, ndugu yangu, ambayo wanasayansi huiita Monetaria annulus. Jua usililaumu sana, kwa maana jibu limo katika namna gamba linavyojengwa. Kauri mchanga hana pete: gamba lake ni jembamba, mdomo wake ni mpana, na wengi humdhania kuwa konokono mwingine. Akipevuka, ukingo wa mdomo hujikunja kwa ndani, vijino vikatokea, na tangu hapo haongezeki urefu bali unene. Unene huo huletwa na utando laini wa nyama ambao hutoka pande zote mbili, ukapanda hadi kukutana mgongoni, na kupaka tabaka jipya la chokaa juu ya lile la zamani. Zambarau ni tabaka la ndani, ilhali kijivu na pete viko juu; kwa hiyo mawimbi na mchanga vikisugua gamba tupu, vya juu ndivyo vinavyotangulia kutoka.

Bi Matumbawe alijibu:
Naongezea kuhusu ndimu. Gamba ni chokaa, na tindikali huila chokaa. Mng'ao ule hudumu kwa sababu utando aliousema Mzee hulifunika na kulikarabati gamba wakati mnyama yu hai. Akishafa hakuna wa kulikarabati. Maji matamu na mswaki laini vinatosha. Nawaomba pia, mkiinua jiwe mlirudishe kama lilivyokuwa, kwani kauri jike huyaatamia mayai yake hapo chini.

Msomaji wa Kale alijibu:
Mdogo huyu aliwahi kutikisa masoko ya mbali. Katika miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walianza kununua shehena za kauri wa pete Zanzibar na kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako kauri wa Maldivi, Monetaria moneta, alikuwa ametumika kama fedha kwa karne nyingi. Wa kwetu alipatikana kwa bei nafuu mno, masoko yakafurika, na thamani ya fedha hiyo ikaporomoka.

Mwanafunzi wa Kupwa alijibu:
Ahsanteni sana. Nimeyatazama tena magamba yangu kwa kioo cha kukuzia, na moja limenithibitishia maneno ya Mzee: upande mmoja bado lina kipande cha pete ya chungwa, na pale pete inapokatika ndipo zambarau inapoanza.