SIMJUI! Mtu kanikana mchana kweupe kwenye theluji ya Ufaransa na hela yangu kala

Wakuu, naandika vidole bado havijapata moto, herufi zikiruka mnivumilie. Niko Val Thorens, nimejifungia chumbani. Wenzangu tisa wako sebuleni wanachovya mkate kwenye jibini la kuyeyusha na kucheka, na najua wanamcheka nani.

Yule bwana mnamjua, sihitaji kumtaja. Yule wa magrupu. Yule wa "jamani tuchangamkie". Huyo huyo.

Tangu Septemba tunamtumia hela: nyumba, basi la kutoka Geneva, kukodi viatu na skii (zile mbao za kutelezea kwenye theluji), pasi za siku sita za lifti za kupandisha watu mlimani. Mimi nililipa kabla ya wote, na nusu ya deni lake nikamkopesha kwa sababu mshahara wake "umekwama". Leo asubuhi kanikabidhi pasi yangu ndani ya bahasha utadhani cheti cha ndoa.

Nikavaa vile viatu. Kwa asiyevijua: tumbukiza kila mguu kwenye ndoo ya zege, subiri ikauke, halafu uambiwe haya tembea. Nikajikokota mpaka kwenye lifti ya viti. Geti likalia, taa ikawaka. Kijana wa lifti akatazama mashine, akanitazama mimi, akarudi kutazama mashine. Wakuu, pasi ni ya MTOTO. Nina miaka 41. Ndevu zina mvi.

Nyuma yangu foleni kama ya daladala za Gongo la Mboto jioni. Yule bwana yuko mbele hatua tatu tu, nikamwita kwa jina lake na la baba yake. Kijana akamuuliza, huyu uko naye? Akageuka. Akanikagua kuanzia helmeti mpaka ncha za skii. Akajibu kwa Kiingereza chake cha Leicester, ila kwa Kiswahili ni neno moja: SIMJUI.

Simjui! Mtu aliyelala kwangu miezi minne akitafuta kazi! Koti alilovaa wakati anasema simjui ni LANGU! Halafu kiti kikaja, kikamzoa nyuma ya magoti, akapaa taratibu kanipa kisogo, miguu inaning'inia kama mtoto wa chekechea. Kumbe mwenye pasi ya mtoto ni mimi.

Nimelipishwa faini huku watoto wa shule ya skii, wa miaka minne, hata fimbo hawana, wakinipita kama vifaranga. Baadaye nikaanguka mara kumi na moja kwenye njia ya kijani. Hapa kijani ndiyo rahisi, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi ambayo ni ya watu wenye bima. Sawa, nimeanguka, miguu itapona. Lakini SIMJUI?

Nimshtaki wapi?

Chumvi Nyingi: Mkuu, bila picha ya hiyo pasi hii ni chai, tena ya mkandaa.

Kapuku wa Mbagala: Mtoto bado hujalala? Kesho shule.

Mleta uzi: Hoja siyo pasi. Hoja ni SIMJUI.

Kapuku wa Mbagala: Nenda kaoge ulale, anko atakununulia ingine.

Mkwe wa Kirua: Val Thorens si mita 2300 tu? Kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro kinapita mita 2700 na watu wanafika na viroba mgongoni. Wazungu wanalipa dola kuja kupanda kwetu, ninyi mnalipa euro kwenda kuanguka kwao.

Mombasa Raha: Ndugu yangu, Mkenya Philip Boit alimaliza wa mwisho mbio za skii, Olimpiki ya Nagano 1998, na yule bingwa Mnorwe, Bjørn Dæhlie, akamngoja pale mwisho amkumbatie. Hata hawajuani! Wewe wako umemlaza nyumbani kwako, asikungoje hata hatua tatu. Pole, lakini nimecheka mpaka nimemwaga uji.

Baba Kulwa: Hata Petro alikana, lakini hakuwa amevaa koti la mtu.

Dada wa Reading: Huyo bwana namjua vizuri sana. Lisbon alitununulia mikate miwili watu kumi na wawili, chenji hatukuiona. Na mpaka leo ana sufuria yangu ya pilau.

Mleta uzi: Dada, ile yenye mpini ulioungua upande mmoja?

Dada wa Reading: EEH!

Mleta uzi: Iko hapa jikoni.

Dada wa Reading: Yesu wangu. Usiitoe machoni. Nimeililia miaka miwili, nilipewa na mama nilipoondoka Tanga.

Chumvi Nyingi: Akiulizwa, nayo atasema haijui.

Baba Kulwa: Mmegusa sufuria, mmenikumbusha shemeji yangu aliazima mbuzi ya kukunia nazi Pasaka, sasa hivi anatuuzia sisi tui.

Mombasa Raha: Mbuzi za siku hizi si za kuazimana, meno yake butu. Nani yuko London anajua duka lenye mbuzi ya maana?

Dada wa Reading: Tulieni kwanza. Mleta uzi, usiku wakilala ifunge kwenye taulo, tia chini kabisa ya begi.

Mleta uzi: Wameyeyushia jibini humo. Limegandana chini.

Dada wa Reading: Loweka kwa maji ya baridi. Usitie ya moto, litang'ang'ania!